Mshika Ungo Haangalii Uso

Kwanza niseme mchezo unavyochezwa, kwa sababu wajukuu wangu wameugeuza kuwa mchezo wa kupigiana kelele na kudanganyana, na mimi sina uvumilivu wa kutazama kitu kizuri kikiharibiwa.

Dadu ni tatu. Za kwetu zilichongwa kwa jino la kiboko na babu wa bwana yangu. Zimegeuka manjano, na vitobo vyake vilichomwa kwa waya wa moto, vikazama hata kucha inaingia. Hazirushwi chini. Zinarushwa ndani ya ungo, huuhuu wa kupepetea mchele. Pembeni kuna bakuli la kokwa za ngazi, yaani chikichi, zile zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Kokwa ndizo samaki. Ukirusha, unahesabu vitobo vilivyotazama juu, unachota kokwa kiasi hicho na kuziweka mbele ya goti lako. Lakini tulia, si zako bado. Ukitaka unarusha tena, unaongeza, unarusha tena. Ila dadu mojawapo ikionyesha kitobo kimoja peke yake, hilo ni jiwe. Kikapu chako kimepasuka, na samaki wote wa zamu hiyo wanarudi kwenye bakuli. Anayeogopa jiwe husema "nafunga", basi alichopata kinakuwa chake na ungo unakwenda kwa mwingine. Bakuli likiisha, mwenye kokwa nyingi ameshinda. Ni hivyo tu, mtoto anajifunza kabla chai haijachemka.

Kuna sheria mbili zaidi, na hizi wajukuu wamezisahau kabisa. Ya kwanza: anayerusha ndiye anayesoma dadu zake mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie. Ya pili: ungo hushikwa na bibi-arusi mpya wa nyumba ile. Anapiga magoti, anaupeleka kwa kila mchezaji, na macho yake yanabaki ndani ya ungo mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa huyo bibi-arusi. Na mimi si mtoto wa mto. Nilizaliwa upande wa Tshopo, binti wa fundi cherehani, na wakati nilipoolewa wazungu walikuwa bado wanapasua mawe kwa baruti kule kwenye bwawa, mpaka mikasi ya baba yangu inatetemeka mezani. Nilidhani nimezoea kelele. Weee! Nilipopelekwa kwa wakwe zangu, kwenye nyumba za wavuvi karibu na maporomoko, usiku wa kwanza sikupata usingizi. Maji yale hayajui kunyamaza. Watu wa pale wanapaza sauti hata wakiombana chumvi, na aliye mbali huongeleshwa kwa kupungiwa kitambaa, maana sauti haimfikii.

Tena nilikuta adabu ambayo kwetu ilikuwa imeshalegea. Kwetu baba mkwe unamsalimia umeinama, yamekwisha. Pale, bokilo, ndivyo wanavyomwita mkwe, huruhusiwi kumtazama uso kabisa. Akija njiani, wewe unaiacha njia. Akikusemesha, unajibu ukiangalia chini. Ukimwangalia usoni, hata kwa bahati mbaya, utalipa lamande, yaani faini, ya kuku mzima, na mpaka bokilo wako atakapomla kuku huyo hugusi chungu cha nyumba ile. Unarudi kwenu kukaa na aibu yako. Akimla, jambo limekwisha, na tangu siku hiyo mnaangaliana kama watu wengine.

"Uso ya bokilo iko kama jua," mama mkwe aliniambia siku ya kwanza, akinifunga kikwembe kichwani. "Unajua iko pale. Hauna lazima ya kuiangalia."

Nilichukia, nasema wazi. Mimi ni mtu wa kumwangalia mtu machoni ninapogombana naye, na ninagombana na watu wengi. Lakini bibi-arusi mpya atasema nini? Niliinamisha kichwa. Tangu mvua za kwanza hadi maji yalipoanza kupungua, nilikuwa sijauona uso wa baba wa bwana yangu. Nilijua miguu yake, yenye madoadoa meupe kwenye mifupa ya mbele kwa kujikuna visubi, vile vidudu vyeusi vinavyouma watu kando ya maporomoko. Nilijua sauti yake, maana alikuwa mcheshi, na kila mtu alikuja kwake kucheka. Na nilijua mikono yake vizuri kuliko mikono ya baba yangu mzazi, kwa sababu kila Jumapili baada ya misa tulicheza dadu, na mikono yake ndiyo iliyoingia kwenye ungo wangu.

Bwana yangu aliniambia kwamba zamani papa, ndivyo tulivyomwita baba yake, alisoma dadu hata kabla hazijatulia. Mimi nilikuta mtindo mwingine. Dadu zikitulia, alizifunika kwa kiganja chake kipana na kusema, "Samaki ikiruka bado, haionyeshwi majirani!" Watu wanaangua kicheko. Halafu anaita: "Sita, ine, mbili!" Anaondoa kiganja, na kweli ni sita, nne, mbili. Tonton, mdogo wake aliyekaa nyumba ya jirani, alipiga makofi kila mara. Wote walikuwa wanamtazama usoni, wanangoja mzaha. Mimi peke yangu, kwa amri ya mama mkwe, nilikuwa natazama chini ya kiganja.

Kidole gumba kilikuwa kinatembea. Kinaingia kwenye kitobo, kinatoka, kinaingia kwenye kingine, pole pole, kama baba yangu anapotafuta tundu la sindano taa ikizimika. Kikimaliza dadu ya tatu, ndipo anaita.

Mara ya kwanza nilidhani ni mazoea ya uzee. Mara ya pili nikashtuka. Baada ya hapo nikaanza kuona mengine ambayo wenye nyumba hawakuyaona, kwa sababu wao walikuwa wamezaliwa humo. Kulikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mlango wa papa mpaka kwenye mti wa uani, na kutoka mti ule mpaka chooni. Mama mkwe aliiita kamba ya kuanikia nguo. Nguo zetu tulizianika juu ya majani! Sahani ya papa iliwekwa mahali palepale kila siku, samaki upande wa kulia, lituma, zile ndizi za kutwanga, upande wa kushoto, na mama mkwe akiiweka alikohoa. Papa akienda mtoni aliweka mkono kwenye bega la mwanawe, na watu wakasema, tazama mzee anavyompenda mtoto wake.

Sasa sikilizeni kwa nini roho yangu haikutulia. Pale maporomoko, watu husimamisha miti mikubwa ndani ya mashimo ya mawe, katikati ya maji yanayopiga kelele, wakaifunga kwa kekele, zile kamba za msituni, kisha wakatundika vikapu vyao vikubwa vya kuvulia samaki. Mto ukijaa unaharibu, ukipungua wanafunga upya. Wa kwanza hupanda mti ulio mtupu, bila kamba ya kushika, kekele imezungushwa begani, na anakwenda kwa kuangalia: hapa mguu, pale mguu, hapa fundo. Chini yake kuna maji ambayo yakikuchukua hata shati lako halitaonekana. Na kwenye nyumba ile, atakayepanda mti wa kwanza aliamuliwa kwa dadu, Jumapili ya kabla ya kufunga. Mshindi ndiye mtu wa kwanza. Ilikuwa heshima kubwa, wanaume waliitaka mpaka wakanuniana.

Kekele zilishaletwa kutoka upande wa Masako, zimelowekwa, zinangoja. Jumapili ilikuwa inakuja, na papa alikuwa anasema kila jioni kwamba mwaka huu anataka mti wa kwanza, maana mwaka uliopita tonton alimshinda na akapanda kama kuku anayepanda ngazi.

Nikamwambia bwana yangu. Nilimwambia chumbani, kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi.

"Papa haoni."

Aliacha kufungua viatu. "Unasema nini?"

"Macho yake yamekufa. Anasoma dadu kwa kidole."

"Umeyaona wapi macho yake?"

Nikaanza kukunja kikwembe changu.

"Nakuuliza weye, muke yangu. Macho ya papa umeyaona wapi? Umeanza kumuangalia uso?"

Ndivyo nilivyonaswa. Ili wanisadiki, lazima nimeangalia uso. Kama nimeangalia uso, mimi ni mwanamke asiye na adabu, na maneno ya mwanamke asiye na adabu nani atayasikiliza? Nikasema, "Sikuangalia. Nimeona mikono." Akacheka kwa hasira. "Papa iko anaona samaki ndani ya maji ya matope, weye unaniambia mambo ya mikono!" Akanipa mgongo, akalala. Nikatamani kumpiga na kiatu chake kilekile.

Kesho yake nikamfuata mama mkwe uani, alikokuwa anatwanga ndizi za lituma. Sikuzunguka. Nikamwambia nilichoona. Hakuacha kutwanga, ila mchi ulipoteza mdundo wake.

"Umeambia nani?"

"Bwana yangu. Hakusadiki."

"Bon." Akatwanga. "Asisadiki. Zile visubi zimekula macho yake, kwanza usiku, halafu pembeni, sasa iko anaona mwangaza tu, kama mutu mwenye kufunikwa shuka. Ameniapisha kwa jina ya mama yake nisiseme. Mwanaume ya mutoni bila macho, watu wanamupelekea chakula na huruma. Ule atakufa na huruma mbele ya kufa na maji."

"Lakini mama, Jumapili..."

"Jumapili atashindwa. Mwaka jana alishindwa, na mwaka ule ngine. Dadu iko kazi ya Mungu. Atashindwa, atakasirika, atabaki juu ya mawe kutukana wengine, na hakuna mutu atajua."

"Na kama akishinda?"

Mchi ukashuka, ukapanda, ukashuka.

"Mama. Kama akishinda?"

"Nimesema atashindwa," akanijibu. Uso wake huo nilikuwa na ruhusa ya kuutazama, na niliona anaogopa kuliko mimi.

Jumapili ikafika. Padri alihubiri kirefu, sikusikia hata neno moja. Baada ya chakula wakatandika mkeka mbele ya mlango, papa akakaa upande wake, tonton upande huu, bwana yangu upande ule, majirani wakasimama nyuma. Mama mkwe alikaa kwenye moto wake hatua chache kutoka hapo, akijifanya anachochea kuni. Mimi nikapiga magoti katikati, ungo mikononi, kikwembe kichwani, macho ndani ya ungo. Nadhani hakuna siku wanawake wawili wa nyumba moja wamemwombea baba wa nyumba hasara kama tulivyofanya siku ile.

Bwana yangu alianza kwa pupa. Alikusanya rundo, mimi moyoni nasema funga, funga wewe mpumbavu, akarusha tena na jiwe likatoka. Majirani wakapiga mayowe. Tonton alikuwa mtu wa kufunga mapema; alirusha mara moja, akafunga, kokwa zake chache akazipanga kama mtoto anayepanga peremende. Papa akarusha. Kiganja kikafunika, kidole kikatembea.

"Tano, sita, tano!"

Akarusha tena. "Ine, ine, sita! Nafunga." Watu wakashangilia. Nilisikia mama mkwe anavunja ukuni juu ya goti lake.

Ikawa hivyo. Bwana yangu jiwe, tonton uoga wake, papa sita juu ya sita. Unajua siku ambayo bahati humfuata mtu kama mbwa, hata akiifukuza inarudi? Ndiyo siku ile. Bakuli lilianza kuonyesha chini. Papa alirusha tena, na dadu ya mwisho ikawa inazunguka kwenye ukingo wa ungo, na kwa ubavu wake niliona kwamba jiwe liko karibu. Nikainamisha ungo kidogo sana, ili jiwe litoke, kama mtu aliyechoka magoti. Dadu ikateleza, ikapinduka, ikalala. Sita! Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimemsaidia. Kutoka hapo sikuthubutu kuinamisha kitu chochote, nikaogopa hata kupumua juu ya ungo.

"Nafunga," akasema papa, na bakuli lilikuwa tupu.

Tonton akahesabu marundo, lakini haikuwa na haja, hata kipofu angejua nani ameshinda. Neno hilo lilinijia hivyohivyo kichwani, nikaona aibu.

"Bon!" papa akapiga paja lake. "Kesho asubuhi muti ya kwanza iko yangu. Mutaniangalia. Na weye, mudogo wangu, utajifunza namna mwanaume anapanda."

Watu wakacheka. Nikageuza kichwa kidogo kumtafuta mama mkwe. Nilingoja aseme. Alikuwa na nafasi, kila mtu alikuwa na furaha, angeweza kusema mzee anaumwa mgongo, angeweza kusema ameota ndoto mbaya, chochote. Alikuwa anaangalia moto. Machozi yanamtiririka na mdomo umefungwa, maana ameapa. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wanavyosema wakubwa, lakini pale kilio chenyewe kilikuwa kinapangwa kwa kesho asubuhi, mbele ya macho yetu, na watu wanapiga makofi.

Hasira ikanipanda kutoka magotini. Hasira kwake, kwa bwana yangu aliyenipa mgongo, kwa kidole kile chenye ujanja, kwa adabu iliyonifunga mdomo. Nikawaza: nikisema haoni, wataniuliza nimeyaona wapi macho yake. Basi na wanione nikiyaangalia.

Nikaweka ungo chini. Nikavua kikwembe kichwani. Nikainua uso wangu, nikamtazama baba mkwe wangu moja kwa moja machoni, mbele ya watu wote.

Kwanza niliona kitu ambacho sikutegemea. Bwana yangu alikuwa sura yake kabisa, paji lile, mdomo uleule wa kutaka kucheka. Hakuna aliyewahi kuniambia. Halafu niliona macho. Yalikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, na yalikuwa yanatabasamu kwa mtu aliyekuwa nyuma ya bega langu, mahali pasipokuwa na mtu.

Nilisikia tonton anavuta pumzi. Jirani mmoja alitaka kulia "mama!" na akajiziba mdomo. Bwana yangu aliinuka nusu, mkono juu, na nilijua mkono ule unakuja shavuni kwangu. Lakini mtoto mwenye adabu hapigi kabla ya kuona baba amekasirika kiasi gani. Akageuka amtazame baba yake. Baba yake alikuwa bado anatabasamu. Mkono wa bwana yangu ukabaki hewani, halafu ukashuka pole pole, na akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Bokilo yeyote aliyeangaliwa hivyo angeruka, angejifunika uso, angetukana ukoo wangu mpaka Tshopo. Wote walingoja. Sikuyaondoa macho yangu.

"Mbona mumenyamaza?" papa akauliza. Tabasamu likaanza kupotea upande mmoja. "Sikushinda?"

Maporomoko tu.

"Mutu aseme! Ni nini?"

Tonton ndiye aliyesema, na tonton ambaye maisha yake yote alifunga mapema, siku ile hakukimbia. "Yaya," akamwambia kaka yake, kwa sauti ndogo, "bokilo wako iko anakuangalia."

Mkono wa papa ukapanda kujifunika uso. Ulichelewa sana. Ukafika nusu, ukasimama, ukashuka.

"Tangu saa gani?"

"Tangu ulipofunga," tonton akasema.

Papa akatafuta dadu kwenye ungo, moja moja, akazifunga ndani ya ngumi yake, akasimama na kutembea mpaka mlangoni. Alishika ile kamba ya nguo mbele yetu wote. Hakujificha tena. Mlango ukafungwa.

Mama mkwe alinijia na mwiko mkononi. "Umemuua," akaniambia. "Unasikia? Wewe mutoto ya fundi, umemuua." Nilimjibu kwamba ndimi peke yangu niliyekataa kumuua, na maneno mengine ambayo sitayarudia hapa. Halafu nilikwenda chumbani nikakunja nguo zangu, maana kuku sikuwa naye, na chungu cha nyumba ile kilikuwa kimeshakuwa haramu kwangu. Bwana yangu alikaa kitandani akinitazama nikikunja. Akasema, "Ulinambia." Basi. Tulikubaliana nitaondoka asubuhi, yeye akiwa mtoni, kwa sababu mshindi asipoweza kupanda, mwanawe humpandia, na sasa mti wa kwanza ulikuwa wake. Na hapo ndipo akili iliponirudia kwamba nimemtoa mzee kwenye maji nikamweka bwana yangu.

Asubuhi nilikuwa na kifurushi kichwani niliposikia mlango wa papa.

"Bokilo."

Nikainamisha macho kwa mazoea. Halafu nikayainua. Kuna faida gani, maji yalishamwagika.

"Uko pale?"

"Niko hapa, papa."

"Leta bega yako. Unipeleke kwenye mawe."

Baba mkwe kumgusa mke wa mwanawe! Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Lakini aliweka mkono ule ninaoujua begani kwangu, mzito, na tukaenda, kifurushi changu bado kichwani.

Juu ya mawe watu walitupisha. Bwana yangu alikuwa tayari chini ya mti, kekele begani. Hakutuona.

"Sema," papa akaniambia.

"Niseme nini?"

"Yote. Iko wapi?"

"Ameshika mti. Anapanda. Sasa yuko juu ya maji."

"Muguu gani mbele?"

"Wa kulia."

"Mubaya. Muti unaegemea wapi?"

"Sijui, papa, mimi si mtu wa..."

"Angalia! Si unapenda kuangalia? Unaegemea mawe ama unaegemea kisiwa?"

Nikaangalia jinsi sijapata kuangalia kitu. "Kisiwa. Na unatikisika. Kila maji yakipiga, unatikisika."

Vidole vyake viliingia begani kwangu mpaka nikaguta. "Shimo imelika. Kitambaa! Toa kitambaa, pepea kushoto. Kushoto yake, haiko yako! Aweke uzito kushoto, afunge chini, haiko juu!"

Kifurushi kilianguka, nguo zangu zikatawanyika juu ya mawe. Nilivua kikwembe kichwani nikapepea kama mwendawazimu, kushoto, chini, kushoto, chini. Bwana yangu hakuangalia. Kisha akaangalia. Alimwona baba yake amesimama nyuma yangu. Akahamisha mguu. Mti ukajinyonga, ukazama kiasi upande ule aliokuwa amekanyaga, watu wakapiga yowe.

"Ni nini? Bokilo, ni nini?"

"Yupo! Yupo, papa, ameshika. Amehamia kushoto."

"Amefunga?"

"Bado."

Nikaona mikono ya papa. Ilikuwa imeacha bega langu, iko mbele yake hewani, inazungusha kekele ambayo haipo, inavuta, inapitisha chini, inavuta tena. Mwanawe kule juu ya maji alikuwa anafanya vilevile, akiwa nyuma kidogo.

"Amefunga?"

"Bado, papa."

"Ashikilie. Amefunga?"

Niliona bwana yangu anavuta kwa mwili wote. Mti ukatulia. Akainua mkono.

"Amefunga."

Mikono ya papa ikasimama. Akaishusha pole pole, akaifuta kwenye suruali kana kwamba imelowa. Mimi nililia bila kujificha, maana ni nani angeniona? Akanisikia. Akageuza uso wake upande wangu, na safari hii alipata mahali nilipo, karibu kabisa.

"Bon," akasema. "Kuku yangu iko wapi?"